Kibarua wa Tumboni

Limi alikuwa akipepeta mtama nyuma ya nyumba, huko Kharumwa, mimba yake ikiwa ya miezi minane, mtoto aliyemo tumboni alipomwambia aketi.

"Kichwa kinakuuma tangu juzi, mama. Na miguu imevimba."

"Kuvimba ni heri," alisema Mageni, mama mkwe wake. "Hata mimi nilivimba."

"Si heri, bibi. Ni hatari. Apelekwe kwa daktari."

"Na shikamoo je?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mageni akaenda kufunga mzigo wa safari, kwa kuwa mwanawe, mume wa Limi, alikuwa mbali, kibarua manamba kwenye mashamba ya mkonge.

Walitembea siku mbili hadi hospitali ya mgodi wa dhahabu. Hakukuwa na nyingine karibu. Msaidizi wa daktari, jina lake Akida, aliwazuia mlangoni kwa adabu.

"Hapa tunatibu vibarua tu, mayu, mama. Wanawake hawamo."

"Mpime mama yangu," mtoto alisema.

Akida aliinama, akasikiliza, akamwita daktari Mzungu. Daktari aliuliza swali moja tu: ni mwanamume? Mtoto akajibu kwamba ndiyo. Basi akaandikiwa kipande cha kazi, namba 1147, kikafungwa kwa uzi juu ya tumbo la Limi, na ikaletwa posho yake: kikombe cha maziwa.

"Na mimi?" Limi aliuliza.

"Wewe humo."

"Huyu atakunywaje pasipo kinywa changu? Anatembea kwa miguu ya nani? Mmemwandika mzigo, mkamwacha anayeubeba!"

Daktari alisema kibarua mpya haanzi kwa kelele. Limi akayamwaga maziwa pale pale, kwenye sakafu yao iliyong'aa.

Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani alishikwa na degedege akiteka maji. Adhuhuri akafa. Walimzika na mtoto wake ndani.

Mwezi ulipokwisha wakaja askari wawili wakimtafuta mtoro wa mgodi, namba 1147. Mageni aliwaonyesha kaburi bila kuwakaribisha. Mkubwa wao akachuchumaa, akaita namba.

"Naam," mtoto alijibu kutoka udongoni. "Siji. Kwanza mama yangu apimwe."

Askari akatoa penseli, akaandika: *Amekataa kazi.*