Sikio la Mke wa Mwongozaji

Mume wangu aliongoza michezo ya jukwaani miaka ishirini na sita, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa safu ya nne, miguu juu ya kiti cha mbele, akifoka "Kimya!" hata pale ambapo hakuna aliyefungua mdomo. Kundi zima likambatiza jina hilo, Kimya, naye akadhani ni heshima. Mimi nilikuwa mwigizaji wake mkuu. Pia mimi ndiye niliyemfulia mashati, kwa hiyo asije mtu akaniambia simjui.

Tuseme haki: alikuwa na jicho. Ungempangia watu kumi wanagombana jukwaani, angekuonyesha yule mmoja wa pembeni ambaye mikono yake inadanganya. Basi, ndilo hilo tu. Mengine yote yalikuwa juu yangu: kuwabembeleza waigizaji waliosusa, kumwamsha fundi wa taa, kumtafutia bwana mkubwa miwani aliyokuwa ameivaa.

Kisha kampuni moja ikamwita aufanye mchezo wetu mmoja kuwa filamu. Kichwa kikamvimba siku hiyohiyo. Alinunua kofia. Akaanza kutembea na vidole vimetengeneza dirisha mbele ya jicho, akichungulia sufuria zangu, akimchungulia jirani anayeanika nguo, mpaka jirani akaja kuniuliza kama mzee yuko salama.

"Mchezo ukishafungwa umekwisha," akaniambia mezani, mtu aliyelishwa na michezo hiyo tangu ndevu zake zikiwa bado nyeusi. "Filamu inabaki, mke wangu. Hata wajukuu watakuona."

Hapo alinipata, na naona aibu kusema hivyo. Tuna binti mmoja. Kila tulipokuwa na onyesho nilimpeleka kwa mama yangu akalale, na kufumba na kufumbua akawa mtu mzima, akaolewa mbali. Hakuwahi kuniona jukwaani hata mara moja. Siku moja aliniuliza kwenye simu, bila ubaya wowote, "Hivi mama, ulikuwa unaigiza nini hasa?" Nilicheka, nikakata simu, nikaenda kukaa bafuni. Nilikubali kuingia kwenye filamu ile kwa ajili yake tu. Nilitaka mwanangu anione.

Wenye kampuni waliipunguza nafasi yangu, ya mama, mpaka ikabaki tukio moja. Sikujali. Lilikuwa tukio lenyewe: mwanawe wa kwanza anakiri kwamba siku ile ya ajali yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari, si mdogo wake aliyekufa. Mama hasemi neno. Anakunja mashati ya marehemu na kusikiliza.

Tulipigia picha kwenye nyumba iliyosubiri kubomolewa, sebule yenye kuta za bluu na madoa ya mraba palipotundikwa picha za wenyewe. Kulikuwa na skrini ndogo inayoonyesha kile kamera inachokiona, na mbele yake wamemwekea mume wangu kiti. Hakukikalia.

"Mimi naangalia watu," alisema. "Televisheni nitaangalia nyumbani."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani.

Kamera iliwekwa nyuma ya bega langu, ikimtazama kijana. Mume wangu akaenda kusimama karibu na dirisha, mahali ambapo angeniona usoni. Tukaanza. Nilikuwa nimelicheza tukio lile zaidi ya mara themanini, lakini siku ile lilikuja jambo ambalo sikulipanga. Nilijikuta natabasamu, kama unavyomtabasamia mtoto anayekudanganya kuhusu kikombe kilichovunjika. Kisha nikaelewa anachosema, na tabasamu likanikwama usoni, halina pa kwenda, huku mikono ikiendelea kukunja. Sijawahi kufanya vizuri kama vile, na sitafanya tena.

"Safi!" Kimya alipaza sauti. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Limekwisha. Twende linalofuata."

Mpiga picha, mwanamke mpole wa makamo, aliinua mkono. "Mzee, tugeuze kamera upande wa mama. Huku nimepata sikio lake tu."

"Ya nini? Mimi nimeshaona."

"Wewe umeona. Kamera haijaona."

Kimya akamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye alianza kuongoza waigizaji wakati mwenzake bado anafundishwa kushika kijiko. Yule mpiga picha akanigeukia. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Sikulisema. Miaka ishirini na sita sikuwahi kumpinga hadharani, nikajidanganya kwamba akitulia atalirudia mwenyewe, maana kila kitu jukwaani hurudiwa kesho. Ujinga ule ni wangu, na naudharau sawasawa na ile kofia yake. Funguo za nyumba zikarudishwa jioni. Wiki iliyofuata nyumba ilikuwa kifusi.

Mhariri alipoomba picha za uso wangu hazikuwepo. Kimya akaja nyumbani akilalamika kwamba wapiga picha wa siku hizi hawajui kazi. Nilimpakulia chakula, nikaenda kulala. Nilikuwa nimeshamwambia binti yetu aombe ruhusa kazini aje kuiona filamu, na sikuwa na moyo wa kumwambia asije.

Alikuja. Alikaa katikati yetu mchana ule wa Jumamosi, amependeza, ameniletea kitambaa kipya na kunifunga mwenyewe kichwani. Ukumbi ulijaa. Kimya alivaa kofia yake ndani, watu wa nyuma wakalalamika, akajitia hasikii.

Tukio likafika. Uso wa yule kijana ulijaa ukuta mzima, analia vizuri, sina neno. Kushoto, pembeni kabisa, palikuwa na sikio, hereni, na ncha ya bega. Bega lilitikisika kidogo kila shati lilipokunjwa.

Nikasikia mtu analia kwa kwikwi. Nilimtazama mume wangu ng'ambo ya kichwa cha mwanangu. Alikuwa akilia mpaka mabega yanaruka, na kijana kwenye filamu hakuwa amefika hata kwenye neno ajali. Ndipo nikajua analilia nini. Mjinga yule alikuwa dirishani bado, ananitazama mimi. Katika ukumbi wa watu mia nne, yeye peke yake alikuwa akiuona uso wangu, na hakujua kwamba wengine hawauoni.

Tukio likapita. Binti yangu akanisogelea.

"Mama," alininong'oneza, "wewe unatokea saa ngapi?"

"Muulize baba yako," nikamwambia. "Yeye ameniona."