Tawi la Virginia

Siku moja isiyo na upepo, jambo la nadra Kitengela, Virginia alikuwa akianika mashuka aliposikia majani yakichakarika ndani ya titi lake la kushoto. Akazima redio. Yakaendelea.

Uvimbe ulikuwa umerudi palepale ulipokatwa mwezi wa tatu. Wakati ule ulikuwa ndimu. Sasa ulikuwa parachichi, na haukuonyesha dalili ya kutosheka.

Kliniki, Daktari Muteti alitega sikio kwa ile mirija yake.

"Mama Sydney, ni majani tu. Tutatoa tena."

"Na ule wa kwanza, maabara walisemaje?"

"Maabara ya nini? Ulikuwa mviringo, unateleza. Saratani haikuwangi hivyo. Tulitupa shimoni."

Juu ya shimo, nyuma ya kliniki, palikuwa na mti. Kila uvimbe uliotupwa ulitoa tawi. Mlinzi, Mzee Parmuat, alisema mbuzi wake huunusa tu na kwenda zao.

"Lako ni hilo linalopumua," akamwonyesha. "Lile limekauka ni la mwalimu wa Isinya, tulimzika Agosti. Jioni huita majina ya darasa lake. Mimi huitikia, lisichoke."

Virginia akachuma jani moja kwenye tawi lake. Likatoka damu kidogo, na titi likamchoma. Akalifunga lile jani kwa leso, akalipeleka maabara Nairobi. Daktari Aketch akalikata jembamba kuliko utando wa kitunguu, akachungulia kwa hadubini.

"Ni saratani, dada. Ile adimu, inayoota kama majani. Wangetuletea ule wa kwanza, tungewaambia warudi wakate na nyama safi ya pembeni, wasiache mzizi."

"Basi niandikie ripoti, niende hospitali kubwa."

"Ripoti ni ya nyama. Jani peleka kwa watu wa misitu. Mwambie daktari wako atuletee uvimbe wenyewe."

Aliporudi Kitengela alikuwa amebeba chupa ya asali, tupu, yenye kifuniko kinachobana, ya kuutilia uvimbe.

"Hayo ni mambo ya Nairobi, mama," Muteti akasema. "Keti kivulini, tutakuita."

Kwa kuwa kivuli ni haba, kliniki ilikuwa imeweka mabenchi chini ya mti. Kila mwanamke alikaa chini ya tawi lake. Virginia akakaa chini ya lake, akapumua nalo.

Sista akatoka na beseni lililofunikwa kitambaa, akielekea shimoni. Wanawake wakainua miguu apite. Virginia, chupa mapajani, naye akainua yake.