Merv Anachukia Watu Wote

Merv Hollick alichoma kibanda cha matunda cha Gurnek Brar, Singasinga, na hakuna aliyebisha, hata Merv mwenyewe. Polisi walimkuta saa nne asubuhi amesimama kando ya barabara na galoni la petroli, akiangalia moshi. Ubishi ulikuwa juu ya sababu: Merv alisema ni magari na vumbi la kibanda mbele ya nyumba yake, polisi walisema ni chuki. Kwa sheria ya jimbo, ukichoma mali ya mtu kwa hasira zako tu, hilo ni kosa. Ukiichoma kwa sababu ya asili yake au dini yake, hakimu anaongeza adhabu. Merv alikuwa na miaka sabini na mbili, bila rekodi, na nyongeza hiyo kwake maana yake ilikuwa jela.

Merv alikuwa baba yake Raelene, na Raelene alikuwa mke wa Nev Trask. Gurnek naye alikuwa bosi wa Nev, ambaye kwa miaka sita alikuwa fundi wa mitambo katika banda lake la kupakia matunda. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema nyasi zifanye nini zikiitwa kutoa ushahidi.

Wakili wa Merv, Bi Petrakis, alikuja nyumbani kwa Nev akanywa chai.

"Hatutasema Merv ni mtu mwema," alisema. "Mji mzima wa Cobram utacheka. Tutasema anachukia watu wote."

"Hilo ni kweli," Nev alisema.

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe. Nani anayemjua zaidi?"

Waliandaa ushahidi palepale mezani. Merv alichukia Wakatoliki, na watu walioacha Ukatoliki. Alichukia watu wa Sydney, waendesha baiskeli, madaktari, mbwa wadogo na washabiki wa timu ya Collingwood. Alimchukia kaka yake wa tumbo moja, ambaye hakusema naye tangu mazishi ya mama yao, walipogombania nani ashike jeneza upande wa mbele.

"Baba ana mdomo mchafu tangu azaliwe," Raelene alisema. "Mtu anafungwa kwa alichofanya, siyo kwa kilicho kichwani mwake. Wakianza kutufunga kwa vya kichwani, nani atabaki nje afunge mlango?"

Merv mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anakula biskuti. "Yule Singasinga simchukii kuliko wengine," alisema. "Mkwe wangu huyu namchukia zaidi, na sijamchoma."

"Asante, mzee," Nev alisema.

Baa nayo ilikuwa imegawanyika. Muuza nyama alisema petroli ni petroli, na moto hauulizi dini ya mtu. Muuguzi mmoja akamjibu kwamba moto hauulizi, lakini aliyeuwasha alichagua. Waliendelea hivyo mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyebadili mawazo.

Jumatatu Gurnek alimkuta Nev chini ya foklifti.

"Nasikia wamekuita, fundi."

"Wameniita."

"Utasema nini?"

"Kwamba anachukia watu wote."

Gurnek alifikiri. "Mimi ameniita mwizi, dereva teksi, na kuku. Kuku sijaelewa mpaka leo."

"Mimi ananiita kuku tangu harusi."

"Basi la kuku tumsamehe." Gurnek alicheka kidogo, halafu akaacha. "Mimi sitaki mzee aozee jela. Lakini wakisema ni ugomvi wa vumbi la barabarani, nitawaambia nini wanangu? Waliona ubao wenye jina lao unaungua. Wewe sema unachojua. Sikuombi zaidi."

Mahakamani Shepparton, Bi Petrakis alimpitisha Nev kwa Wakatoliki, baiskeli na jeneza. Hakimu aliandika yote bila kuinua uso.

"Mshtakiwa amewahi kumtukana Bwana Brar?" Bi Petrakis aliuliza.

"Mara nyingi."

"Na wewe?"

"Mara nyingi zaidi. Mimi nimemwoa binti yake."

Watu walicheka. Merv alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesifiwa kanisani.

Kisha akasimama mwendesha mashtaka, mwanamke mfupi mwenye mafua.

"Bwana Trask, mshtakiwa anasema kibanda kilileta magari na vumbi mbele ya nyumba yake. Kibanda hicho kilijengwa lini?"

Nev alijua. Kila mtu mzima wa Cobram alijua. Ila hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Mwaka themanini na tisa."

"Kilijengwa na Bwana Brar?"

"Hapana, na Bartolo Fazzari. Ndiye aliyemwuzia Gurnek shamba lile la barabarani, mwaka jana."

"Mshtakiwa alimchukia Bwana Fazzari?"

"Vibaya sana. Alikuwa anamwita—"

"Tumeelewa," hakimu alisema.

"Wakati wa Bwana Fazzari magari yalikuwa machache?"

"Yalikuwa mengi zaidi. Bartolo alikuwa na divai ya kienyeji nyuma ya mapichi."

"Na kwa miaka yote hiyo, mshtakiwa aliwahi kukichoma?"

Nev alimtazama mkewe. Raelene alikuwa anatazama mikono yake. Nev angeweza kusema hakumbuki. Mtu wa miaka hamsini na tatu anaruhusiwa kusahau.

"Hapana," alisema.

"Bwana Brar aliponunua, kibanda kilibadilika nini?"

"Jina kwenye ubao."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Merv alishindwa kuvumilia. "Bartolo alikuwa mwizi," alisema kwa sauti kutoka kitini pake, "lakini alikuwa mwizi wetu."

Bi Petrakis alifunga faili lake taratibu, akavua miwani.

Kwenye pikapu, Raelene aliendesha mpaka mji wa Numurkah. Hapo alisema, "Ungesema hukumbuki."

"Nakumbuka."

"Najua unakumbuka. Nimesema ungesema."

Gurnek alimshukuru Nev mara moja, kwa kumshika mkono, na hawakuzungumza tena habari hiyo. Lakini alikuwa amekaa mahakamani asubuhi nzima akimsikiliza fundi wake anavyomtetea Merv, na tangu siku hiyo alileta maagizo ya kazi kwa kumtuma msimamizi. Raelene naye alisema hawezi kula mkate unaotoka kwa Brar wakati baba yake anakula wa serikali. Wiki ya tatu Nev alirudisha funguo za banda.

Hakimu aliongeza adhabu, na Merv alipewa miezi mitano jela. Alipotoka alikuwa anachukia na askari magereza, na hakutaka mkwe aende kumpokea. Nev alipoteza kazi ya miaka sita na rafiki mmoja, na Raelene analala chumba kilichokuwa cha watoto.