Mikono ya Vunja

Nyumbani walimwita Vunja tangu ana miaka saba, alipomwangusha mdogo wake mchanga ngazini. Mdogo anachechemea mpaka leo, wala hana kinyongo; hutania kwamba viatu vyake vinachakaa upande mmoja tu. Aliyeling'ang'ania jambo lile ni Vunja mwenyewe. Alikua akijua ana mikono mibaya, kama mtu anavyojua kimo chake.

Mikono mibaya gani hiyo, jamani? Vunja ni fundi wa vioo. Kutwa anapandisha ghorofani vioo vikubwa kuliko mlango, na wenzake hawajamwona akipasua hata kimoja. Lakini binti yake alikuwa ametimiza miezi mitatu bila kupakatwa na baba. Mkewe alivumilia weee, akachoka, akamsukuma aende kwa mshauri.

Mshauri, mama mmoja mpole, alimuuliza: mtoto wa miaka saba alimbeba mchanga ngazini kwa nini, na wakubwa walikuwa wapi? Vunja alitoka pale kichwa kinamzunguka. Zamani alijijua, hata kama alijijua vibaya. Sasa alikuwa hajijui kabisa, na ilimuuma zaidi. Safari iliyofuata akaomba ahakikishiwe kwamba hatamwangusha binti yake. Mshauri akasema hilo hawezi kumwahidi mtu yeyote. Vunja alirudi amenuna.

Jumapili, mkewe akiwa amebakiza siku moja arudi kazini, mama yake Vunja alikuja kuwaona. Mke alikuwa anaoga. Mtoto akaamka, akaangua kilio, na bibi akainuka kumchukua kama kawaida yake.

"Mama," Vunja akasema, "siku ile ulikuwa wapi?"

Mama akakaa. Alianza na ile ya yaliyopita si ndwele, akaiacha njiani.

"Nilikuwa chini kwa jirani, tunapiga soga. Nilikuita uniletee mtoto. Nilikutuma mimi, mwanangu."

Vunja alidhani akisikia neno kama hilo atapona. Wapi! Mikono yake aliiona mibaya vilevile. Alimwonea mama huruma, akamkasirikia, yote kwa pamoja, na mtoto analia tu. Akainama, akapitisha kiganja chini ya kichwa, kingine chini ya makalio, akamwinua. Hakujua kama atamwangusha.

Mama akanyoosha mikono ampokee.

"Usimchukue," Vunja akasema. "Kaa karibu yangu tu."