Kila Mtu Amemwona Kyungu

Nilipokwenda polisi kueleza kwamba ndugu yangu amepotea, ofisa alitazama picha niliyoiweka mezani, akanitazama usoni, akaitazama tena picha, kisha akanipa mkono. Alisema ni vizuri nimerudi.

Ndugu yangu ni Kyungu, mimi ni Kabange. Kwetu sisi Waluba wa kaskazini majina hayo mtu hachaguliwi: pacha anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, basi. Tumefanana mpaka mtaani kwetu hapa Kolwezi hakuna aliyewahi kujisumbua kututofautisha. Wakimwona mmoja wetu wanaita "Mapasa!", yaani pacha, na yeyote aliye karibu anaitika. Yeye ni mchimbaji, anashuka kwenye mashimo ya Mutoshi kutafuta kobalti. Mimi naendesha taxi moto, pikipiki ya kubeba abiria. Yeye kutwa yuko chini ya ardhi, mimi kutwa niko barabarani, mjini kote. Ukifikiri vizuri, balaa lote lilianzia hapo.

Asubuhi moja alimuaga mkewe Fidélie, ambaye ana mimba, akaenda Mutoshi na hakurudi. Nilikwenda kuwauliza wenzake wa shimo. Dady alisema Kyungu alipanda juu, akala, akaondoka salama. Gael alisema hapana, aliondoka na watu waliokuwa wakienda Tenke, walikosikia kuna mawe mapya. Wa tatu aliapa kwamba siku ile Kyungu hakufika kazini kabisa. Shimo ni moja, siku ni moja. Niliwauliza kwa upole, halafu nikawauliza kwa hasira, na kila mmoja akabaki na lake. Ndipo nikaenda polisi, nikakutana na huyo ofisa wa upelelezi, Kanyinda, aliyenipa mkono.

"Tata, mi niko Kabange," nilimwambia. "Wa mu photo njo Kyungu. Tuko mapasa."

"Mapasa." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Sasa mi nitajua je kama weye hauko yeye?"

Nikatoa kadi yangu ya mpiga kura. Aliigeuza mbele na nyuma. "Kadi ya ndugu yako, hata weye unaweza kutembea nayo."

Nilimuuliza kwa nini mtu aliyepotea aje mwenyewe polisi kusema amepotea. Alijibu kwamba katika kazi hii ameona mengi. Sikupiga meza. Nataka ijulikane kwamba sikuipiga, ingawa mkono ulikuwa tayari. Mwishowe alisema tubandike picha, tutangaze redioni, na kama kweli hakuna mtu atakayemwona, atafungua dossier, yaani faili la upelelezi.

Tukafanya hivyo. Mama yetu, Mama Agnès, alitoa namba yake ya simu. Picha za Kyungu zikabandikwa sokoni, mlangoni pa parokia, kwenye maegesho ya magari ya Likasi. Redio ya mtaa ikasoma tangazo. Na simu ikaanza kulia siku ileile.

"Mama, mi nilimuona! Alipita pa rond-point, muzima kabisa, ju ya moto!"

"Mama, mutoto wako alikuwa mbele ya kanisa, anacheka na bantu."

"Nilimuona kule Kasulo. Nilimuita, akanipungia mukono."

Aliyepunga mkono ni mimi, na wa pikipiki kwenye mzunguko wa barabara ni mimi. Jioni nikirudi nyumbani, Mama alinisimulia mahali Kyungu alipoonekana, na mimi nilikuwa nikijibu: hapo ni mimi, Mama. Hapo pia ni mimi. Kanisani? Nilimpeleka abiria. Uso wake ulikuwa unazima na kuwaka, unazima na kuwaka, mpaka nikachukia kufungua mdomo.

Lakini zilikuwepo simu ambazo sikuweza kuzijibu. Mwanamke mmoja alipiga akasema amemwona kwenye barabara ya Mutshatsha, pale wanapopanga magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya njia. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakula hindi la kuchoma, peke yake. Nilifikiri sana. Barabara ile huwa napita. Mahindi huwa nakula. Lakini wiki hiyo nilipita? Nilikaa juu ya jiwe? Kuna siku nilikuwa na hakika kwamba sijafika huko tangu mvua zianze, na kuna siku niliuona mkono wangu kabisa ukiwa umeshika gunzi. Kutwa ukiambiwa ulikuwa huku na kule, unafika mahali huna uhakika tena ulikuwa wapi. Yule wa barabara ya makala sikumwambia Mama kwamba ni mimi. Nilimweka. Nilijiambia huyo ndiye Kyungu.

Kanyinda naye alikuwa anapata habari zake. Nilipokwenda na Fidélie kuuliza, alituambia bila hata kutupa kiti.

"Muji muzima inamuona. Muntu mwenye anaonekana kila siku, alipotea je? Pengine amekimbia bibi yake tu."

Alisema hivyo Fidélie akiwa amesimama mbele yake, mikono juu ya tumbo. Mimi ndiye niliyejibu, na maneno yangu si ya kuandikwa hapa, na tulitolewa nje.

Nilijaribu kujitenga na uso wangu. Nilinyoa kichwa. Simu zikaja: "Mama, sasa amenyoa." Nilivaa kofia ya pikipiki, ile nzito, katika joto lile. Nikiivua nipumue kidogo, simu. Abiria wangu mmoja alinipa pole kwa kupotea, akashuka, akaenda zake.

Nisionekane kama ninayedhani mji huu umempoteza mtu mmoja tu. Mama Josée, jirani yetu wa barabara ya nyuma, mwanawe Jeancy alikwenda kuuza mawe na hajarudi mpaka leo. Kuna Mzee Kabemba, binti yake naye hajulikani aliko. Kuna wengine wengi, na wote walikuwa wamejibiwa yaleyale: mungojee, atarudi, pengine amekwenda Lubumbashi, pengine ana mchumba. Mama Josée ndiye aliyechoka wa kwanza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akasema tuende wote, siku moja, tusimame mbele ya ofisi ya polisi na picha za watu wetu vifuani, tusiondoke mpaka wafungue mafaili. Ili asiwepo mwenye kusimama na kidonda chake peke yake, tulibadilishana picha. Wewe umebeba wa kwangu, mimi nimebeba wa kwako.

Siku hiyo nilichelewa kidogo. Nilipofika, barabara ilikuwa imejaa. Akina mama wanaimba, wanauliza kwa wimbo, "Batoto betu beko wapi?" Polisi wamesimama mlangoni na kwa mara ya kwanza niliwaona hawajui waweke wapi mikono yao. Kanyinda alikuwa dirishani. Moyo wangu ulifurahi. Nikaegesha pikipiki, nikavua kofia, nikaingia katikati ya watu.

Mwanamke nisiyemjua alikuwa amebeba picha ya Kyungu. Alinitazama. Akashusha macho, akaitazama picha. Kisha akapiga kelele.

"Huyu hapa! Mungu wangu, huyu hapa! Bamemupata!"

Sijawahi kupendwa vile. Vigelegele vilipanda, watu walinikumbatia, wakanibeba juu. Akina mama ambao watoto wao hawajaonekana walilia machozi ya furaha juu ya shati langu. Nilipiga kelele, "Mi siko yeye! Mi niko Kabange!" na mtu mmoja akasema kwa huruma, "Mumuache apumuzike, kichwa yake bado inazunguka." Mama yangu alikuwa upande wa pili wa barabara. Nilimwona anapasua watu kwa viwiko, mbio, kitenge kimeshuka, kwa sababu amesikia mwanawe amepatikana. Alipofika akanishika mashavu. Aliniangalia kichwani, mahali ambapo Kyungu ana kovu la jiwe na mimi sina. Kisha akaniachia.

Kanyinda akatoka nje, amesimama kwenye ngazi, anatabasamu.

"Munaona?" alisema. "Bantu banarudiaka bo benyewe. Muende ku nyumba mungojee. Na ba kwenu batarudia."

Na watu wakaenda. Hilo ndilo lililonikata maini. Hawakufukuzwa kwa fimbo wala kwa moshi. Walitawanyika polepole na matumaini yao, wanaambiana kwamba ikiwa huyu amerudi, na wetu atarudi. Nilibaki barabarani na Mama Josée, ambaye anatujua toka utoto.

"Uko Kabange," alisema.

"Ee, Mama."

Aliikunja picha aliyoibeba, akaitia mfukoni mwa koti lake. "Basi leo bamepata namna ya kutufukuza, na namna yenyewe njo sura yako." Alisema bila hasira, na hasira ingenifaa zaidi. Mimi nilikuwa nayo ya kutosha: kwa Kanyinda, kwa yule mwanamke na kelele zake, kwa Kyungu aliyeondoka bila kusema anakwenda wapi, kwa pua hii tuliyogawana.

Nyumbani Mama hakula. Alisukuma sahani kando, akasema neno ambalo hakuna mpelelezi aliyewahi kulifikiria.

"Kuanza kesho, hautoke. Ukae mu nyumba. Kama bantu baendelee kumuona, njo yeye."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo. Tuliingiza pikipiki sebuleni, tukashusha mapazia, tukafunga mlango. Tuliweka simu mezani, tukakaa watatu, mimi, Mama na Fidélie, kuizunguka. Katika watu wote wale walioonekana Kolwezi, nilikuwa na hakika kwamba mmoja, angalau mmoja, ni yeye.

Asubuhi ilipita. Fidélie alisema pengine mtandao ni mbaya. Akaipigia simu ya Mama kwa simu yake mwenyewe. Ikalia, tukaruka wote watatu, hata yeye aliyepiga. Mtandao ulikuwa mzuri.

Siku ikaisha, na iliyofuata. Ikaja Jumapili, mji mzima uko njiani, watu wanatoka misa na ibada, wanatembeleana. Picha zilikuwa bado mlangoni pa parokia. Simu ilikaa pale mezani. Nilikuwa nikiitazama nikimuomba yule mwanamke wa barabara ya makala apige tena, aseme amemwona tena juu ya jiwe lake. Hakupiga. Na kadiri nilivyomngoja ndivyo nilivyozidi kukumbuka lile jiwe, lilivyokuwa la moto kwa jua. Au nadhani nilikumbuka. Sijui. Mpaka leo sijui.

Simu ilipolia mwishowe, alikuwa Kanyinda.

"Iko namna gani?" aliuliza. "Hakuna muntu anakuja tena kuniambia amemuona ndugu yako."

"Nimejifungia mu nyumba, tata."

Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, karibu ya jirani.

"Basi alipotea kweli. Mukuje kesho, tutafungua dossier. Lakini weye usitembee-tembee. Bantu bakianza tena kumuona, mukubwa wangu ataifunga."

Hicho ndicho tulichokiomba tangu mwanzo. Nilipowaeleza, Fidélie alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Mama aliuliza mara moja tu.

"Amesema alipotea?"

"Ee, Mama."

"Kwa hiyo hakuna hata moya mwenye anamuona."

Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango.

Asubuhi nilivaa shati safi la kwenda polisi. Nilimkuta Mama sebuleni, amefungua mapazia yote, anafuta vumbi kiti cha pikipiki kwa kitambaa.

"Toa moto yako," alisema. "Enda ku kazi."

"Mama, dossier. Bakiniona, itafungwa."

"Dossier yabo itatafuta maiti." Alikuwa bado anafuta. "Bantu ba mu njia, bo banamuona muzima."

Nilimpigia kelele mama yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimwambia yule wanayemuona ni mimi, mimi, mimi, na kwamba ameona mwenyewe simu ilivyonyamaza. Alingoja nimalize kama unavyongoja lori lipite. Nikamgeukia Fidélie anisaidie. Fidélie akaenda kuufungua mlango, pande zote mbili, pikipiki ipate kupita.

Nilitoka. Niliapa nitakwenda moja kwa moja kwa Kanyinda, na nilifika mpaka mahali pa kukata kona. Sikuikata. Nilizunguka mjini, polepole, bila kofia, nikapita sokoni, nikapita mbele ya parokia. Mtu akinipungia mkono, nilimpungia.

Mchana nilirudi kula. Mama alikuwa amekaa kizingitini, simu sikioni, na uso wake ulikuwa unawaka.

"Pa soko? Aksanti, tata, aksanti sana. Na alikuwa anaonekana je? Amekonda?"

Nilisimama mbele yake nikitaka kusema kitu. Aliniangalia, akaniinulia mkono ninyamaze, apate kusikia.