Kibao Kilichojua Wenye Mali

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Tadea alishuka kutoka kwenye lori la kahawa Mbinga mjini, akakung'uta vumbi kwenye kanga, akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kama anajua duka la vitu vya watoto vinavyosema. Yule mama hakushangaa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu soko huria la kahawa lifunguliwe, na kila kitu mjini kilikuwa kimeanza kusema: saa za ukutani zilisema, kadi za Krismasi ziliimba ukizifunua, na wanunuzi wapya wa kahawa walisema kuliko vyote. Akamwelekeza kwa Dunstan, mlango wa bati la kijani.

Fedha alizofunga Tadea kwenye pindo la kanga alipewa na shemeji yake, Placidi. Hilo ndilo lililomfanya atembee polepole. Tangu mumewe Henry afariki kwa homa ya matumbo, mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita, na Placidi, ambaye ndiye kaka mkubwa, hakuwa amemletea hata kijiko cha chumvi. Alichofanya ni kuhamia kwenye shamba la kahawa la marehemu na kulivuna. Halafu Jumapili iliyopita akaja amevaa shati jipya, akasema mtoto wa marehemu asibaki nyuma, watoto wa mjini siku hizi wanafundishwa herufi na vidude vya betri, basi aende akamchagulie Edina kimoja.

"Chagua wewe mwenyewe, shemeji," alimwambia. "Kizuri kuliko vyote."

Tadea alizaliwa ufukweni mwa ziwa, Liuli, kwenye nyumba ya wavuvi wa usipa. Kwao husemwa kwamba samaki akijirusha mwenyewe mtumbwini, mwulize kwanza anamkimbia nani. Alipanda kuja milimani kwa ajili ya ndoa, na tangu awe mjane hakuwa na ndugu wa karibu zaidi ya mwendo wa siku moja.

Dunstan alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kitambaa cha kufutia kaunta begani. Nyuma yake, karibu na dirisha, mwanamke mmoja alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani. Dunstan aliweka vidude vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa bata wa plastiki wa njano. Alitaja herufi, na mtoto akiibonyeza, bata alimsifu kwa Kiingereza. Tadea alibonyeza herufi isiyo yenyewe kwa makusudi. Bata akamsifu. Akakosea tena. Bata akamsifu zaidi, akapiga na mabawa.

"Huyu anasifu hata kosa," Tadea alisema.

"Ni kumtia mtoto moyo, mama."

"Anayekusifu ukikosea ana lake jambo. Mrudishe."

Cha pili kilikuwa simu nyekundu. Iliita, ikapokelewa, ikamwuliza mtoto jina lake, kisha ikanyamaza kusubiri.

"Inataka jina la nini?"

"Mchezo tu, mama."

"Na kesho ikimwuliza jina la baba yake, na anapolala, na mama yake anaweka wapi akiba?"

Dunstan akairudisha simu kwenye boksi lake.

Cha tatu kilikuwa kibao cha buluu, bapa, chenye picha kumi na sita. Dunstan alibonyeza picha ya ng'ombe, na kibao kikamtaja ng'ombe kwa Kiingereza, kikalia kama ng'ombe. Tadea naye akanyoosha kidole, akabonyeza picha ya nyumba.

"Duka," kibao kilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. "La Kunigunda."

Cherehani ilisimama. Yule mwanamke wa dirishani akainua kichwa, akasema, "Ndiyo," akaendelea kushona.

Dunstan alifuta kaunta kwa muda mrefu, sehemu ileile. Kunigunda alikuwa dada yake. "Hicho nitakupunguzia," alisema hatimaye. "Betri nakupa bure. Ila usikirudishe, mama. Ukikichoka mpe mtu mwingine."

Mfanyabiashara anayetoa betri bure alikuwa jambo la kutiliwa shaka, na Tadea alilitilia. Alikigeuza kibao juu chini, akahesabu skrubu zake, akakitikisa sikioni. Mwishowe alikichukua, si kwa sababu alikiamini, bali kwa sababu kati ya vile vitatu ndicho pekee ambacho hakikumbembeleza mtu. Alikifunga ndani ya kanga ya pili ili kisione njia, akapanda lori la kurudi upande wa Mkumbi, alikoolewa.

Edina alikuwa na miaka minne. Alikipokea kibao kwa mikono miwili, akakaa nacho mkekani, akaanza na nyumba.

"Nyumba. Ya Tadea."

Tadea, aliyekuwa akichambua maharage, alitikisa kichwa kukubali. Hiyo ilikuwa sawa. Mtoto akabonyeza jembe, na jembe nalo lilikuwa la Tadea. Akabonyeza mbuzi.

"Mbuzi. Wa Kilian."

Tadea aliacha kuchambua. Mbuzi wao wa madoa aliingia uani mwenyewe wakati wa masika ya mwaka uliotangulia. Tadea alikuwa ameuliza watu wawili njiani kama wamepotelewa na mbuzi, na wote wawili walikuwa wapita njia kutoka kijiji cha Ruanda. Baada ya hapo hakuuliza tena, na maziwa mtoto alikunywa.

Kesho yake alimfunga mbuzi kamba, akampeleka kwa mzee Kilian, mkubwa wa ukoo wa mumewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea mbuzi wako."

Mzee Kilian alimshika mbuzi sikio, akalikunjua, akaiona alama yake. "Nani amekwambia?"

"Kibao cha mtoto."

"Basi kinajua," mzee alisema. Akamfunga mbuzi kwenye nguzo, akafikiri kidogo, akaongeza: "Sasa nisikilize. Kwangu usikilete."

Habari zilienea hadi kanisani na kurudi. Hakuna aliyesema ni uchawi, kwa kuwa uchawi hauuzwi dukani na hauna betri. Lakini watu waliokwenda kwa Tadea walianza kuacha majembe yao njiani. Ottilia, jirani yake wa bonde la pili, alikuja kuomba moto akiwa peku, na viatu vyake Tadea aliviona vimefichwa nyuma ya migomba. Tadea mwenyewe hakukiamini kibao zaidi ya walivyokiamini wao. Kila mara mtoto alipolala alikigeuza kikatazama ukuta.

Ijumaa alasiri Placidi alikuja na karatasi. Siku zile alikuwa wakala wa kampuni moja ya wanunuzi, na kahawa ya kijiji kizima ilipitia mkononi mwake kabla ya kupanda lori. Alikaribishwa togwa, akaketi, akaitandaza karatasi juu ya goti.

"Ni fomu ya kampuni, shemeji. Kila shamba linaandikwa kwa jina moja. Wewe weka dole hapa chini tu."

"Shamba lipi?"

"Lile la juu. Si ninalilima mimi?"

"Kama ni lako, dole langu la nini?"

"Utaratibu."

"Utaratibu gani huo unaotaka dole la mtu asiyehusika?"

Placidi alikunywa togwa. Mtoto, mkekani, alikuwa amefika kwenye picha ya mti wenye matunda mekundu. Waliouchora walikusudia tunda la kwao, lakini milimani kule mti wenye matunda mekundu ni mmoja tu.

"Mkahawa," kibao kilisema. "Wa Edina."

Habari ya shamba lile ilijulikana. Wiki aliyozaliwa Edina, Henry alileta miche kutoka kitaluni, akaipanda kwenye mteremko alioufungua kwa mikono yake, akawaambia waliomsaidia kwamba hii si kahawa yake, ni ya binti yake. Walicheka, kwa sababu mtoto alikuwa na siku tano, lakini walisikia.

Placidi aliomba aone kidude alichomnunulia mtoto. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri nne, akazipanga kwenye kigoda. Edina alikichukua kibao akabonyeza tena.

"Mkahawa. Wa Edina."

"Nguvu zinaisha polepole," Placidi alisema.

"Ndiyo, shemeji."

Akaondoka na betri mfukoni na fomu mkononi. Tadea alizitazama betri zile zikienda, akafahamu kwamba kile kidude hakikuwa zawadi ya mtoto. Kilikuwa kama togwa anayopewa mgeni kabla hajaombwa jambo.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili baada ya misa, uani kwa Placidi. Walikuwa wazee watano, na karani wa kampuni aliyevaa miwani ya jua. Wazee walikuwa wameacha makoti yao nyumbani ingawa kulikuwa na baridi. Kibao kiliwekwa juu ya benchi, bila betri, na Edina akasimama mbele yake amevaa gauni la kanisani.

"Bonyeza, mjukuu wangu," mzee Kilian alisema.

"Mkahawa. Wa Edina."

Kisha mzee Steven, aliyekaa mwisho wa benchi, akakohoa.

"Ni kweli," alisema. "Miche niliibeba mimi. Henry alisema mbele yangu."

"Hata mimi nilisikia," mwingine akasema.

Wakakubali mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyesita. Placidi mwenyewe alisema, "Sibishi." Tadea alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kilichokuwa kimefungwa tangu siku ya mazishi. Mara hiyohiyo akakitilia shaka. Watu hawakubali kirahisi hivyo jambo linalowagharimu.

Mzee Kilian aliegemea fimbo yake. "Kibao kimesema kweli, na ukoo umekubali. Tunakishukuru. Sasa tuendelee na kikao."

"Kikao gani tena, mzee?" Tadea aliuliza. "Si imeshajulikana?"

"Imejulikana, mwanangu. Lakini fomu inataka mtu wa kutia saini. Edina anajua kuandika?"

"Ana miaka minne."

"Ndiyo ninachosema. Halafu ni binti, kesho ataolewa, kahawa itauhama ukoo. Placidi atashika kwa sasa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto akue."

"Na akikua, mtamrudishia?"

"Akikua tutakiuliza kibao," alisema Placidi, na wazee wawili wakacheka kwa adabu.

Tadea alisimama. Aliwaambia kwamba dole lake hatoi, hata wakimkata mkono wakaupeleka wenyewe kwenye wino. Alisema bila kupaza sauti, na kila mtu alimsikia. Karani wa kampuni alivua miwani, akaisoma fomu, akasema kwa upole kwamba si lazima liwe dole la mama. Shahidi yeyote anayelijua shamba anatosha.

Wazee walitazama chini. Mwaka ule hakuna aliyejua kwa hakika mnunuzi gani angerudi na yupi asingerudi, na magunia ya kila mmoja wao ya msimu uliopita yalikuwa bado ghalani kwa Placidi, yakisubiri lori.

Mzee Steven alinyanyuka. Alikwenda mpaka kwenye meza ya karani, akachovya dole kwenye wino, akalibonyeza mahali alipoonyeshwa.

"Mkahawa," kibao kilisema nyuma yake, kwa maana Edina alikuwa bado anabonyeza. "Wa Edina."

"Ndiyo, mama," mzee Steven alimjibu mtoto. Akafuta dole kwenye suruali na kurudi mahali pake.

Msimu ulifika. Tadea alikwenda kuchuma kahawa kwenye lile shamba la juu kama kibarua, kwa sababu hakukuwa na shamba jingine la karibu lenye kazi, na Edina alikuwa akihitaji sare ya chekechea. Alimchukua mtoto kila siku. Mwanzoni Edina alibeba kibao mgongoni kama mwana. Baadaye alikiacha nyumbani, kwani kilikuwa kimekwisha kumfundisha, kama kilivyonunuliwa kimfundishe. Alitembea kati ya mistari akigusa mashina kwa kidole kimoja, taratibu, bila kuruka hata shina moja. Wachumaji walimpisha apite. Wengine walimwomba radhi kabla ya kuvuta tawi, kisha wakalivuta.

Siku lori lilipokuja, magunia yalipangwa uani kwa Placidi. Karani wa kampuni alisimama kivulini na miwani yake. Edina aliuachia mkono wa mama yake, akaenda mpaka kwenye gunia la kwanza, akaweka kidole.

"Gunia," alisema. "La Edina."

"Ni kweli, mama," alijibu mpakiaji mmoja. Akamwomba asogee kidogo, akaliinua gunia begani, akalitupia juu ya lori.

Placidi alimgeukia karani, uso umemchangamka. "Umemsikia? Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Kidude chake nilimnunulia mimi."

"Ana akili," karani alisema.

Tadea alisimama kando na kikapu chake kitupu, akimtazama kila mmoja wao usoni, mmoja baada ya mwingine, akitafuta aliyekuwa anadanganya, na hakumpata. Edina alikuwa ameshahamia gunia lililofuata.