Maduara Kwenye Mbao ya Guka Ngigi

"Anasahau," Warigia aliniambia juu ya kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi, hapa Kware. "Anameza kidonge, halafu anameza tena."

Baba yake, Ngigi, ambaye mtaa mzima humwita Guka, yaani babu, alisimama kando akijifuta ufizi kwa leso. Kitambaa kilikuwa na damu.

Mwaka jana damu iliganda mguuni mwake, na tangu hapo anatumia dawa ya kuizuia isigande. Kadi ya kliniki ilionyesha kwamba mara tatu mwaka huu damu yake imekutwa nyepesi kupita kiasi. Daktari alikuwa amemwonya kuwa angeweza kuvuja damu kichwani.

"Sijarudia hata siku moja," Guka alisema. Alikuwa seremala. Akatoa kwenye koti kipande cha mbao kilichochorwa kwa msumari, mstari mmoja kwa kila kidonge. Nilihesabu. Hakuna uliozidi idadi ya siku.

"Unatumia dawa za kienyeji, Guka?"

"Mimi? Mimi ni mzee wa kanisa!"

Lakini chini ya baadhi ya mistari palikuwa na maduara madogo.

"Na haya?"

"Siku za supu kwa Wahome, muuza nyama. Ya mifupa. Anaitia mizizi, inafungua viungo."

"Guka! Si nimekuuliza?"

"Umeuliza dawa. Hii ni supu, inakuja na pilipili."

Niliweka mbao kando ya kadi, nikahesabu mistari kurudi nyuma hadi tarehe za vipimo. Kabla ya kila kipimo kibaya, maduara yalikuwa yamesongamana. Huo haukuwa ushahidi kamili, na mizizi yenyewe sikuijua, lakini nilipiga simu kliniki palepale. Wakasema aende sasa hivi, na supu aiache.

Jioni nilipitia buchari kwa Wahome. Alinionyesha mizizi. Aliijua kwa jina la Kikikuyu tu.

"Guka nitampikia sufuria yake, mifupa mitupu," aliahidi.

"Atasema ni maji ya kuoshea sahani."

"Aseme. Bora aje."

Baada ya wiki sita Guka alirudi na Warigia. Vipimo viwili mfululizo vilikuwa sawa. Alinipa mzizi uliofungwa kwa gazeti.

"Tafuta unafanya nini, daktari. Miaka yote nimeunywa bila kuuliza."

Kisha akamgeukia bintiye na kuiweka mbao kwenye kaunta. "Haya, nani anasahau?"

Warigia aliomba msumari, akachora mstari wa siku hiyo mwenyewe.